-nene na Nenepa: Maana na Matumizi ya Maneno ya Unene wa Mwili, kwa Kurejelea Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana na matumizi ya kivumishi -nene pamoja na kitenzi kilichotokana nacho, yaani nenepa, hasa pale maneno hayo yanapotumika kuelezea umbo la mwili wa binadamu. Mifano itatoka katika Kiswahili Sanifu kwa jumla. Hata hivyo tutarejea mara kwa mara katika nchi ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako Kiswahili kinakutana na lugha za Kibantu za kundi jingine, na ambako historia imeutwisha unene wa mwili mzigo wa maana ambao hauonekani katika kamusi.

Tuchukue mfano. Mwanamke wa Murukulazo aliyekaa mjini miaka mitatu anarejea kwao. Mama yake mkubwa anampokea mlangoni na kumwambia, "Mwanangu, umenenepa!" Wiki moja baadaye mwanamke huyohuyo yuko zahanati kwa shughuli nyingine, mwuguzi anatazama mizani, anaandika, kisha anasema, "Mama, umenenepa." Sentensi ni moja, wakati wa kitenzi ni mmoja, na mwili unaozungumziwa ni uleule. Lakini kauli ya kwanza ni ya shukrani na ya pili ni ya onyo. Mwanamke huyu akiisikia ya pili kwa masikio aliyoisikilizia ya kwanza, atamshukuru mwuguzi na kwenda zake.

Mwanaisimu akiulizwa kauli hizi mbili zinatofautiana wapi, jawabu jepesi ni kusema kuwa tofauti iko katika muktadha. Jawabu hilo ni la kweli ila halifafanui kitu. Hoja yetu ni kwamba -nene, katika Kiswahili, ni neno la kipimo kabla ya kuwa neno la sifa au la kashfa. Kwamba sifa na kashfa hupatikana zaidi katika kitenzi na katika maneno jirani kuliko katika kivumishi chenyewe. Na kwamba thamani ya kunenepa hupangwa na thamani ambayo jamii imempa kinyume chake, kukonda. Kamusi inayotosheka kusema kuwa mnene ni mtu mwenye mwili mkubwa inayaacha yote hayo nje.

2.0 Mzizi na ndugu zake

Mzizi huu ni wa kale. Umbo lililoundwa upya na wataalamu wa Mame-Bantu ni *-nénè, na maana inayotolewa ni 'kubwa'. Maana hiyo ndiyo iliyobaki katika lugha nyingi. Katika Kiganda -nene ni kubwa, hivyo ennyumba ennene ni nyumba kubwa. Katika Kikuyu -nene ni kubwa pia, na katika Kilingala monene ni kitu kikubwa, uwe mto au mji. Kinyarwanda na Kirundi zina -nini, kwa maana hiyohiyo ya ukubwa.

Kiswahili ndicho kilichojitenga. Nyumba nene haieleweki kwa Mswahili, isipokuwa pengine kama kosa la mgeni. Ataweza kukubali ukuta mnene, lakini nyumba itakuwa kubwa. Kwa maneno mengine, mzizi uliokuwa ukitaja ukubwa wa jumla umepungua eneo lake na kubaki na ukubwa wa aina moja tu, ule wa mzingo au wa kutoka upande hadi upande. Eneo lililoachwa wazi limeshikwa na -kubwa. Msukumo huu una athari yake kwa binadamu. Mtu mkubwa katika Kiswahili si mtu mwenye mwili mwingi; ni mtu mzima, au mtu mwenye cheo. Mtoto huambiwa, "Sasa wewe ni mtu mkubwa," hata kama ni mwembamba kama ufito. Kwa kuwa -kubwa imetwaliwa na umri na heshima, lugha imelazimika kutafuta mahali pengine maneno ya kuutajia mwili, na ndiyo maana uwanja huu una msamiati mwingi namna hii.

Kuna jambo la kufurahisha hapa. Katika Kiswahili cha Kenya, mnene na hasa wingi wake wanene hutumika kwa maana ya wakubwa wa serikali na wa siasa, watu ambao Mtanzania angewaita vigogo. Athari ya Kikuyu ni dhahiri. Maana iliyopotea pwani imerudi kwa mlango wa bara, ikiwa na cheo badala ya mzingo. Kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam anayekuta katika gazeti la Nairobi habari za mkutano wa wanene asidhani kuwa ni habari za lishe.

Hali ya Ngara ni tofauti na ya Nairobi. Katika uainishaji wa Guthrie kama ulivyorekebishwa baadaye, Kishubi ni JD64 na Kihangaza ni JD65. Zimekaa katika kundi moja na Kinyarwanda (JD61), Kirundi (JD62) na Kiha (JD66). Upande wa mashariki na kaskazini ziko Kinyambo (JE21), Kihaya (JE22) na Kizinza (JE23). Mzungumzaji wa huku, basi, anakijia Kiswahili akitoka katika jamii ya lugha ambamo kivumishi chenye sauti zinazofanana na -nene hutaja ukubwa, na ambamo kitenzi cha kunenepa hakina uhusiano wowote na kivumishi hicho. Katika Kinyarwanda kunenepa ni kubyibuha, na hakuna anayesikia -nini ndani yake. Kiswahili kinamtaka afanye mambo mawili kwa pamoja: aupunguze ukubwa uwe unene, kisha aunganishe unene na kunenepa kwa mzizi mmoja. La pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu linamfanya aamini kuwa mnene na aliyenenepa ni kitu kimoja. Tutaona kuwa sivyo.

Kitenzi chenyewe kimeundwa kwa kiambishi tamati -p-, ambacho katika Kiswahili kimebaki katika maneno machache. Mfano unaojulikana zaidi ni ogopa, kutokana na -oga. Kiambishi hicho huleta maana ya kuingia katika hali fulani. Nenepa si uzushi wa Kiswahili peke yake, maana Kichewa nacho kina nenepa kwa maana ya kuwa mnene.

3.0 Unene kama kipimo

Mwalimu wa hisabati anapotaja vipimo vya ubao husema urefu, upana na unene. Ubao wenye unene wa sentimita 2 haujasifiwa wala haujatukanwa. Kitabu kinene kina kurasa nyingi. Kamba nene haikatiki upesi. Mti mnene haukumbatiki na mtu mmoja. Msitu mnene ni ule ambao miti yake imebanana, na giza nene ni lile ambalo jicho halipenyi. Sauti nene ni ya chini, inayotoka kifuani. Katika matumizi yote haya kuna wazo moja: kitu kinachopimwa kwa kukatiza, si kwa kufuata urefu wake, na kinachozuia kupita. Uji, kwa upande mwingine, ni mzito, si mnene. Mawingu nayo ni mazito. Ni dhahiri kwamba Kiswahili kinatenganisha uzito wa kitu kinachomiminika au kuning'inia na unene wa kitu chenye umbo. Wafasiri wanaotafsiri kutoka lugha za Ulaya huchanganya mambo haya kila mara.

Kinyume cha -nene kwa vitu ni -embamba. Kwa binadamu pia mwembamba ni kinyume cha mnene, na maneno haya mawili yanalingana kwa upole. Ukiulizwa jirani yako yukoje ukajibu kuwa ni mnene, mfupi, maji ya kunde, umetoa maelezo ya kumtambulisha mtu, yale ambayo hata polisi angeyataka. Hakuna aliyekosewa adabu. Hii ndiyo maana tunayoiita ya kipimo, na tunashikilia kuwa ndiyo ya msingi.

Upole huo unavunjika mara tu ngeli inapobadilishwa. Jitu nene si sawa na mtu mnene, hata kama mizani itasoma kilo zilezile. Toto nene laweza kuwa la mahaba au la karaha, kutegemea nani anasema na amembeba nani. Hapa kashfa imeletwa na ukubwishaji, ambao hufanya kazi hiyohiyo kwa vivumishi vingine vyote. -Nene yenyewe haina hatia.

4.0 Majirani wa neno

Maneno yanayozunguka -nene yanastahili kupimwa moja moja, kwa sababu ni kwa kuyapita haya kwamba msemaji anachagua -nene au analiacha.

Nono na kitenzi chake nona ni ya mnyama. Ng'ombe amenona, mbuzi mnono, nyama iliyonona. Akiambiwa mtu kuwa amenona, mara nyingi ni mzaha, na mzaha wenyewe unamweka machinjioni. Lakini nono imepata bahati mahali pengine: mshahara mnono, zawadi nono, donge nono. Mafuta ya mnyama yamekuwa fedha, na kwa fedha hakuna anayekataa kunona. Katika lugha ya vijana -nene nayo imefuata njia hiyo, wanaposema mkwanja mnene.

Wanda ni neno la waandishi na la wazee wa pwani. Linakaribiana na nenepa, ila kwa msemaji wa bara limekwisha kuwa geni. Nawiri halitaji unene hata kidogo. Linataja ngozi iliyong'aa na uso uliojaa, yaani dalili za siha. Lakini kwa kuwa dalili hizo huja pamoja na nyama mwilini, nawiri limekuwa ndiyo njia ya heshima ya kumwambia mtu amenenepa bila kulitaja neno.

Bonge ni pande la kitu kilichofinyangwa: bonge la ugali, bonge la udongo. Bonge la mtu limejengwa juu ya picha hiyo, na kibonge ni mtu mfupi aliyejaa pande zote, ambaye watoto wa mtaani humpa jina la utani hilohilo na akalizoea. Katika usemi wa mjini bonge limezidi kupauka, kiasi kwamba bonge la nyumba na bonge la bao havina uhusiano na umbo la mviringo. Limebaki neno la kukuza tu. Kipipa ni la aina hiyohiyo, ila picha ya pipa bado ni hai mno kuweza kusahaulika na anayeitwa hivyo.

Pande la mtu na pandikizi la mtu huleta ukubwa wenye nguvu. Mtu wa miraba minne ndiye anayesifiwa zaidi katika kundi hili. Mraba ni umbo la pande nne zilizo sawa, neno lililotoka katika Kiarabu. Mtu wa miraba minne ni yule ambaye mabega, kifua na kiuno vyake vimepangika kama jengo. Sifa hii hupewa wanaume, na si rahisi kusikia mwanamke akiitwa hivyo ila kwa kumstaajabia. Tofauti ya jinsia hapa ni ya kweli na kamusi zinainyamazia: mwanamume mnene anaweza kupandishwa cheo kuwa wa miraba minne, mwanamke mnene hana ngazi ya namna hiyo.

Kinyume cha miraba minne, ndani ya unene uleule, ni tipwatipwa. Neno hili halitaji kiasi cha nyama bali ulegevu wake. Urudufu wake unaiga mtikisiko. Hakuna namna ya kulisema kwa heshima.

Kitambi kimesimama peke yake kwa sababu kinataja sehemu na si mwili mzima. Mtu mwembamba anaweza kuwa na kitambi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lugha ya Ujamaa ilipowaita wanyonyaji kupe na kuzungumzia mirija yao, kitambi kilikaa vizuri katika picha hiyo: kupe ni mdudu anayenenepa kwa damu isiyo yake. Kizazi kilichosoma katika miaka hiyo bado kinasikia katika kitambi harufu ya mali ya umma, hata pale mwenye kitambi ni fundi baiskeli.

5.0 Kitenzi na wakati

Turudi kwenye mlango wa mama mkubwa. Hakusema, "Wewe ni mnene." Alisema, "Umenenepa." Kivumishi kingetaja hali tu, bila mwanzo, kitenzi chenye -me- kinataja hali na mabadiliko yaliyoileta. Vitenzi vya kuingia katika hali vina tabia hiyo: amechoka, amelala, amekonda, amenenepa, vyote vinasema mtu yukoje sasa na kwamba awali hakuwa hivyo. Salamu ya mama mkubwa, basi, ina historia ndani yake. Inasema: nilikukumbuka ulivyokuwa, na huko ulikokwenda umekula, umelala, hukuteswa. Ni kauli juu ya mji kama ilivyo juu ya mwili.

Viambishi vingine huigeuza kauli hii. "Unanenepa" inamwonyesha msikilizaji kuwa mwendo bado unaendelea, na mara nyingi humfanya ajitazame. "Hajanenepa" ina matarajio, kwa kuwa -ja- hukanusha jambo linalongojewa. Husemwa juu ya mzazi aliyejifungua ambaye ndugu zake wanategemea aonyeshe kuwa ametunzwa. Uchagani humpa mtori kwa kusudi hilohilo. "Atanenepa" husemwa juu ya mgonjwa kama faraja, na juu ya kijana aliyeoa kama utani.

Kauli ya kusababisha, nenepesha, ni ya zizini. Unenepeshaji wa ng'ombe ni istilahi ya kawaida katika shughuli za mifugo nchini. Kumnenepesha mtu hakusemwi bila kuonekana kuwa anayenenepeshwa hana hiari. Jambo hili litatupa taabu punde tutakapofika Karagwe.

Sasa tuyatazame maneno manne kwa pamoja: -nene na nenepa, -embamba na konda. Upande wa kwanza una mzizi mmoja. Upande wa pili una mizizi miwili. Mwembamba ni umbo. Aliyekonda amepatwa na jambo. Kiswahili hakina kitenzi kinachotokana na -embamba chenye maana ya kuwa mwembamba kwa amani, isipokuwa kwa kuzunguka: amekuwa mwembamba, amepungua mwili, amepunguza uzito. Konda, kwa asili yake, lina njaa, maradhi au majonzi ndani yake. Kwa hiyo nenepa, ambalo lingeweza kubaki neno la kipimo kama mama yake, limevutwa na jirani yake konda na kufanywa kinyume cha taabu. Hapa ndipo tunaposema kuwa thamani ya kunenepa hupangwa kutoka upande wa pili.

6.0 Tepe mbili na mizani moja

Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, nchi ya mtawala Suwarora, ambayo eneo lake leo limo Biharamulo na Ngara, na mwezi Novemba wakafika Karagwe kwa Rumanika. Katika kitabu chake cha 1863 Speke anaeleza kuwa alikwisha kusikia kwa Musa, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh, kuwa wake wa mfalme na wa wanawafalme wa Karagwe hulishwa maziwa hadi wasiweze kusimama. Alikwenda kuhakikisha. Mmoja wao, shemeji wa mfalme, alimpima kwa tepe, sehemu kwa sehemu. Kifua alikiandika futi 4 na inchi 4, yaani yapata sentimita 132. Kimo futi 5 na inchi 8, yaani yapata sentimita 173.

Tukio hili limenukuliwa sana, aghalabu kwa kicheko, na kwa maoni yetu halikuwa na heshima. Lakini kwa mwanaisimu lina funzo. Speke alizungumza na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani. Bombay alizungumza na wengine kwa Kiswahili. Ya Karagwe yalitoka katika lugha ya Karagwe. Kila kituo katika mlolongo huo kilikuwa na neno lake la unene, na kila neno lilikuwa na majirani wake. Kilichofika mwisho wa safari ni tarakimu, kwa maana tarakimu ndizo zisizohitaji mkalimani. Cheo cha mama yule, ambaye mwili wake ulikuwa ushahidi wa wingi wa ng'ombe wa mumewe, hakikupita kwenye tepe. Nasi tukitaka leo kulieleza jambo hili kwa Kiswahili tunakwama: kuwaita wanawake walionenepeshwa kunawaweka zizini, kuwaita wanene tu kunaficha kuwa yalikuwa malezi ya makusudi, kusema walinawiri ni kusema uongo, kwa kuwa hawakuweza kutembea. Pengine njia iliyo salama ni kusema walilishwa maziwa hadi wakanenepa, kitendo kikatajwa na tokeo likaachwa lijisemee.

Tepe ya pili ilikuja kwa msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, yapata 250,000 kwa makadirio ya UNHCR, walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Katika vituo vya lishe vya wakimbizi hutumika utepe mdogo wenye rangi unaozungushwa juu ya mkono wa mtoto. Kwa kiwango kinachotumika sasa, mzingo ulio chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni dalili ya utapiamlo mkali. Ni kipimo kilekile cha Speke, mzingo wa mkono, katika nchi ileile, ila sasa kinachotafutwa ni ukosefu wa unene. Katika mazingira kama hayo, kumwambia mama kuwa mtoto wake amenenepa ni kumwambia kuwa ataishi.

Kati ya tepe hizo mbili kuna jambo lililougeuza msamiati huu kuliko yote. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ugonjwa uliitwa Slim, kwa sababu ya kukonda. Kagera watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikipendwa wakati huo. Kabla ya kipimo cha damu kufika vijijini, mwili ndio uliosomwa. Kukonda, ambako kulikuwa na njaa, kazi nzito na huzuni ndani yake, kukapata maana moja iliyozifunika nyingine zote. Mtu hakuweza tena kumwambia mwenzake "Umekonda" kama neno la kumjali. Na kinyume chake kikapanda thamani kwa kadiri ileile. "Umenenepa" ikawa cheti cha afya kilichotolewa njiani, bila daktari, na kwa bahati mbaya bila ukweli, kwa kuwa mtu mwenye virusi anaweza kuonekana mnene miaka mingi. Kwa mintarafu hiyo neno lilichangia hatari: mnene alihesabiwa kuwa salama.

Huduma ya dawa za kupunguza makali ya virusi ilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kunenepa kulipata maana nyingine tena, ya kurudi. Lakini moja ya dawa za miaka ile ya mwanzo, stavudini, iliwafanya baadhi ya watumiaji wapungue nyama usoni, mikononi na miguuni huku tumbo likiongezeka. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Msamiati wetu haukuwa na neno la mwili kama huo. Mtu alikuwa na kitambi na wakati huohuo amekonda, na mnene hangeweza kuitwa, wala mwembamba.

Zahanati ya leo imeleta mizani na hesabu: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe. Mtu mzima anayefikia 25 amezidi. Anayefikia 30 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Istilahi zilizotungwa au kuazimwa kwa hali hizi ni uzito uliozidi, unene uliokithiri, unene wa kupindukia na kiribatumbo. Ya kwanza ni njema, kwa sababu inataja mizani na si mtu. Unene uliokithiri inaeleweka, ila inamrudisha msikilizaji kwenye neno ambalo kwa miaka ishirini aliomba aambiwe. Kiribatumbo, pamoja na ufupi wake na ufundi wa kuunganisha kiriba na tumbo, ina dosari mbili: inachora picha ya kejeli, na inataja tumbo pale ambapo hesabu inapima mwili mzima. Hatudhani kuwa mwuguzi anaweza kulitamka neno hilo mbele ya mama mtu mzima bila kutazama pembeni.

Ndipo tunapomwelewa yule mwuguzi aliyechagua kusema "umenenepa". Alitaka neno la adabu, na katika Kiswahili hilo ndilo la adabu. Kosa halikuwa lake. Angesema, "Mama, uzito wako umezidi kwa kilo kumi," kauli ingekuwa ngumu kidogo kwa sikio lakini isingepokewa kama salamu.

7.0 Kidahizo

Kamusi haiwezi kubeba historia ya mkoa mmoja, wala haitakiwi. Lakini inaweza kutenganisha yaliyo tofauti. Kwa kidahizo -nene tungependekeza maana ya kwanza iwe ya kipimo, kwa vitu, kwamba kina masafa makubwa kutoka upande hadi upande, kinyume chake -embamba, na mifano iwe ubao, kamba, ukuta. Maana ya pili iwe ya sauti. Ya tatu iwe ya msitu na giza. Ya nne iwe ya mtu au mnyama mwenye nyama nyingi mwilini, pamoja na alama kuwa ni neno lisiloegemea upande, tofauti na tipwatipwa (la dharau) na miraba minne (la sifa, hasa kwa wanaume). Ya tano iwe ya Kenya, mtu mwenye madaraka, aghalabu katika wingi.

Nenepa lipewe kidahizo chake, lisifichwe chini ya -nene. Maana yake ya kwanza ni kuongezeka nyama mwilini. Hapo iongezwe alama ya matumizi, kwamba katika kauli ya -me- kwa nafsi ya pili hutumika kama salamu ya kumfurahia mtu kwa siha yake, na mfano utolewe wenye msemaji na mahali: Umenenepa, mji umekupokea. Kinyume kiandikwe kuwa ni konda, na si -embamba. Nenepesha liandikiwe kuwa hutumika zaidi kwa mifugo. Chini ya unene, pamoja na urefu, upana na kina, iandikwe sentimita 2 za ubao. Na uzito uliozidi upelekwe kwenye uzito.